Utani Usio na Mtani

Wako wasomaji watakaoshangaa kumwona mwalimu mstaafu wa Kiswahili akiandika juu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, mchezo ambao wengi wetu tukiukuta kwenye runinga hubadilisha chaneli. Nawaomba subira. Hoja yangu ni ya lugha. Kuna namna ya kusema ambayo watu huiita utani, nayo si utani. Na sijaisikia wazi mahali popote kama nilivyoisikia katika redio za michezo za Marekani, zinapomzungumzia kijana aliyekabidhiwa kazi ngumu kuliko zote uwanjani.

Kuanzia Septemba hadi Desemba 2024 nilikaa kwa binti yangu katika kitongoji kimoja cha Chicago. Mkwe wangu huenda kazini kwa gari, nami asubuhi nyingi nilifuatana naye, akanishusha maktaba. Redio ya gari lile haikupata kutoka kwenye stesheni ya michezo. Wiki ya kwanza sikuambulia kitu. Wiki ya tatu nilianza kuelewa. Kufikia wiki ya tano, mkwe wangu alipotaka kusikiliza muziki, ni mimi niliyekataa.

Nilikataa kwa sababu nilichokuwa nikisikia ni malumbano. Stesheni ya kwanza kutangaza mazungumzo ya michezo tu, mchana na usiku, ilikuwa WFAN ya New York, ilipoanza kazi hiyo tarehe 1 Julai 1987. Leo kila mji mkubwa wa nchi ile una stesheni yake, na penye moja hapakosi ya pili ya kuipinga. Watangazaji huketi wawili wawili. Mmoja hukasirika kwa niaba ya mji mzima, mwenziwe hujifanya mtu wa hekima, na kesho wakabadilishana. Wasikilizaji hupiga simu. Anayepiga mara ya kwanza ana kanuni yake ya kujitambulisha: kwamba amesikiliza miaka mingi na hii ndiyo simu yake ya kwanza. Sikuweza kuisikia bila kukumbuka vipindi vya salamu vya Redio Tanzania Dar es Salaam, jinsi msikilizaji alivyotaja jina lake, kijiji chake na kikundi chake kabla ya kusema lolote. Kila baraza lina hodi yake.

Nilichukua daftari. Nilinakili chuku, takriri, tashtiti, kinaya, na majigambo ambayo yangemfurahisha mtunzi yeyote wa zamani. Mpiga simu mmoja, fundi wa mabomba kwa maelezo yake mwenyewe, aliieleza safu ya ulinzi ya timu yake kwa istiari ya mabomba yanayovuja, akaipanua kwa muda mrefu bila kuivunja, tangu bomba la jikoni hadi la barabarani. Nimewahi kuona wanafunzi wa kidato cha sita wakishindwa kazi hiyo. Siandiki basi kama mtu anayedharau kipindi cha namna ile. Naandika kama mtu aliyekipenda, kisha akaanza kusikia kitu ndani yake kisichomkalia vizuri.

Kitu chenyewe kilimhusu kijana mmoja, Caleb Williams, ambaye timu ya Chicago ilimchagua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka ule. Yeye ni kwotabeki. Nimelitohoa jina hilo kwa sababu kila tafsiri niliyoijaribu ilikuwa na kasoro: nahodha yuko katika kila mchezo, rubani huongoza chombo kisichompiga mtu, na mgawaji ni neno la jikoni. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Ana sekunde kama tatu. Katika sekunde hizo watu wenye uzito wa kilo mia na zaidi wanamkimbilia ili wamwangushe chini kabla hajautoa mkononi. Msimu ule Williams aliangushwa hivyo mara 68, kuliko kwotabeki mwingine yeyote wa ligi ya NFL. Timu ilipoteza michezo 10 mfululizo. Mwezi wa Novemba aliyekuwa akimpangia mashambulizi alifukuzwa kazi, na kabla mwezi haujaisha kocha mkuu naye akafukuzwa. Mwaka uliofuata alikuja kocha mwingine na mpango mwingine. Hesabu walimu hao.

Hapa washairi wenzangu naomba mnifuate polepole, kwa kuwa kazi ya kwotabeki, kabla ya kuwa kazi ya mkono, ni kazi ya lugha. Tangu mwaka 1994 NFL imeruhusu redio ndogo ndani ya helmeti yake. Helmeti yenye redio huwekewa nukta ya kijani nyuma. Kati ya shambulizi moja na jingine kuna saa ya sekunde 40. Kocha humsomea shambulizi linalofuata, na zikibaki sekunde 15 redio hiyo hukatwa. Alichosomewa ni mfuatano wa maneno na namba, mara nyingi zaidi ya kumi, ambamo kila neno ni amri kwa mtu tofauti: huyu asimame wapi, yule akimbie njia ipi, nani amzuie nani, mpira utoke kwa hesabu ya ngapi. Kwotabeki hurudia mfuatano huo mbele ya wenzake kumi bila kukosea neno, watazamaji sabini elfu wakipiga kelele. Kisha huwatazama wapinzani walivyojipanga, na pengine hugundua kwamba alichosomewa hakifai, ikabidi atunge kingine papo hapo kwa ishara na maneno machache. Kwa kifupi, anapokea beti kwa sikio, anazighani kwa kundi, na yuko tayari kuzibadilisha jukwaani.

Na beti zenyewe hazina lugha moja. Kila mkufunzi ana istilahi zake. Kitu kile kile ambacho huyu hukiita kwa namba, yule hukiita kwa jina, na namba ya huyu kwa yule ina maana nyingine. Akibadilishwa mratibu wa mashambulizi, kijana hatakiwi kuongeza msamiati tu. Anatakiwa kusahau lugha aliyoanza kuiotea ndoto na kujifunza nyingine, huku akipigwa. Sisi tuliofundisha tunajua kusahau ni kugumu kuliko kujifunza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Alex Smith. San Francisco walimchagua wa kwanza mwaka 2005 akiwa hajatimiza miaka 21. Msimu wake wa kwanza alitoa pasi moja tu ya kufunga, na pasi 11 zikanaswa na wapinzani. Baadaye aliumia bega, akakosa msimu mzima wa 2008. Lakini tazama hili: katika miaka ile minne ya mwanzo, timu ilikuwa na waratibu wa mashambulizi wanne, kila mwaka wake. Chukua mwanafunzi hodari, mpe kidato cha kwanza kwa mtaala mmoja, cha pili kwa mwingine, cha tatu kwa mwingine, cha nne kwa mwingine tena, kisha matokeo yakitoka andika gazetini kwamba mtoto hana akili. Ndivyo alivyofanyiwa. Na kwa kuwa siku ile ile ya uteuzi kijana mwingine, Aaron Rodgers, alikuwa amechukuliwa na Green Bay akiwa wa 24, ulinganisho ulimwandama Smith kama kivuli. Waliolinganisha hawakuwa na haja ya kusema kwamba Rodgers alikaa kwenye benchi miaka mitatu nyuma ya Brett Favre, akijifunza bila kuguswa, kabla hajapewa timu mwaka 2008.

Mwaka 2011 Smith alimpata kocha aliyetulia naye. Kwa mkono ule ule na bega lile lile lililowahi kupasuliwa, timu ikashinda michezo 13 kati ya 16.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa shule za jirani kufanya mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi aliketi nyuma ya darasa na daftari lake. Aliona kila kosa: ubao ulioandikwa kwa mshazari, swali lililojibiwa na aliyeuliza, mwalimu wa miaka 20 aliyesahau jina la mwanafunzi aliyemsimamisha. Jioni alituita mmoja mmoja na kutueleza, kwa sauti ya chini, na wengine tulitoka machozi yakitulenga. Sijui ni wangapi kati yetu wangebaki katika kazi hii kama maelezo yale yangesomwa redioni asubuhi yake, na wazazi wakakaribishwa kupiga simu.

Kuna watakaosema kwamba redio husema tu, wala haimpigi mtu. Mwaka 1999 stesheni ya WIP ya Philadelphia ilikuwa imeshikilia kwa wiki nyingi kwamba timu ya mji imchague mkimbiaji Ricky Williams. Mashabiki wapatao thelathini walikwenda New York pamoja na kampeni hiyo, wakaketi ukumbini. Timu ikamchagua wa pili kwotabeki Donovan McNabb. Kijana alipanda jukwaani, siku ambayo ndugu wengi wangeiita arusi, akapokewa kwa zomea zomea. Hakuwa ametupa hata pasi moja. Baadaye aliifikisha Philadelphia mara tano katika mchezo wa kuamua bingwa wa kundi lake, na mara moja katika fainali kuu. Zomea ile bado hurudiwa kwenye runinga kila mwaka uteuzi unapokaribia, kama kichekesho.

Kisa cha Sam Darnold kinanigusa zaidi, kwa kuwa ndani yake lililoumizwa kwanza ni neno. Jets wa New York walimchagua wa tatu mwaka 2018. Oktoba 2019 alikuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka ugonjwani, akacheza usiku wa Jumatatu dhidi ya New England na kufungwa 33 kwa 0. Pasi zake nne zilinaswa. Alikuwa amevishwa kipaza sauti kwa ajili ya runinga, na alipoketi benchini akasema kwamba anaona mizimu. Katika lugha ya kazi yao, hilo ni neno la kawaida, la kitaaluma kabisa: kwotabeki aliyekwisha kuangushwa mara nyingi huanza kuhisi washambuliaji hata pale wasipokuwapo, akautoa mpira mapema au kukimbia bila sababu. Ni kama daktari anaposema mgonjwa ana maji mapafuni. Hamaanishi kwamba alizama. Kijana wa miaka 22 alikuwa akijieleza kwa wakubwa wake kwa istilahi sahihi. Runinga ikaitangaza, na kesho yake nchi nzima ikawa na mizimu. Istilahi iling'olewa katika taaluma yake ikawa kitendawili cha barazani, na jibu la kitendawili likawa jina lake.

Ipo hapa lugha yetu nayo. Watangazaji wetu wa michezo, hasa wa Dar es Salaam, wana neno ambalo Wamarekani wangelitamani: garasa. Mchezaji aliyesajiliwa kwa mbwembwe akashindwa kufunga michezo mitano huitwa garasa, na likishamganda halimtoki. Neno limetoka kwenye karata, ambako garasa ni karata isiyo na thamani. Nalipenda neno hili, lakini wanaolitumia ni kama hawakuwahi kucheza karata. Anayecheza anajua kwamba thamani hutegemea turufu ni ipi. Garasa ya rangi iliyoteuliwa kuwa turufu huila ree ya rangi nyingine. Karata haikubadilika, kilichobadilika ni mchezo ilimowekwa. Darnold yule yule, baada ya kupelekwa Carolina na kukaa mwaka mmoja nyuma ya mwingine huko San Francisco, aliingia Minnesota mwaka 2024 chini ya Kevin O'Connell, kocha ambaye ujanani alikuwa kwotabeki mwenyewe. Akashinda michezo 14 kati ya 17. O'Connell alikwisha kusema hadharani kwamba timu huwaangusha vijana hawa kabla vijana hawajaziangusha timu. Nilikuwa Chicago wakati huo, na nilisikia sauti zile zile zikimsifu Darnold saa moja asubuhi na kumzika Williams saa mbili.

Sasa nirudi kwenye utani, nilikoanzia. Sisi tunaoitana watani wa jadi, wa Simba na wa Yanga, tunalitumia neno hilo bila kukumbuka lina masharti. Utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na Wahehe, si ruhusa ya kutukana. Ni mkataba. Sharti lake la kwanza ni kwamba mtani hujibiwa: ninachokufanyia leo utanifanyia kesho, nami sitakasirika. Sharti la pili ni zito zaidi. Mtani anayekucheka ukiwa hai ndiye anayekuja msibani kwako, akawatania wafiwa hadi wakacheka, na akashika kazi ambazo ndugu kwa uchungu wao hawawezi kuzishika. Kejeli yake imelipiwa kwa utumishi.

Malumbano ya washairi yalikuwa na sharti lile la kwanza. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi makali wakati miji yao ikiwa vitani, na kila aliyetupa alijua atatupiwa. Hata ngonjera, ambayo marehemu Mathias Mnyampala aliikuza kwa ajili ya shule na majukwaa yetu, huwapa wote wawili zamu, na mwisho hukutana.

Kijana wa helmeti hana zamu. Akijibu, ataambiwa ana ngozi laini na hafai kuongoza watu. Akinyamaza, kunyamaza kwake kutachambuliwa. Mtangazaji anayemcheka hatakuja kumwinua siku akivunjika. Huko si kutaniana. Kiswahili kina neno lake, nalo ni masimango: kumkumbusha mtu unyonge wake pale ambapo hawezi kukurudishia.

Najua nitajibiwa kuhusu fedha. Mkataba wa Caleb Williams ulikuwa wa zaidi ya dola milioni 39 kwa miaka minne, na mkwe wangu, anayerudi nyumbani na vumbi la karakana nywelini, aliniuliza nimhurumie vipi mtu kama huyo. Simhurumii, wala simwombei aepushwe na ukosoaji. Pasi mbovu ni mbovu, na aliyelipa tiketi ana haki ya kusema hivyo, hata kwa kelele. Lakini fedha ile hainunui muda, na kwa kweli ndiyo inayoumaliza. Mikataba ya vijana wapya ni ya bei ndogo ukiilinganisha na ya wakongwe, kwa hiyo timu zina haraka ya kupata faida kabla miaka minne haijapita. Na utaratibu wa uteuzi humpa nafasi ya kwanza aliyeshika mkia, maana yake kijana hodari hupelekwa moja kwa moja kwenye nyumba iliyobomoka na kuulizwa kwa nini anavujiwa. Peyton Manning, ambaye leo hakuna anayembishia, pasi zake 28 zilinaswa mwaka wake wa kwanza, 1998, na timu yake ikashinda michezo mitatu tu. David Carr, aliyekabidhiwa timu mpya kabisa ya Houston mwaka 2002, aliangushwa mara 76, na hakupata kusimama sawasawa tena. Mmoja alijengewa nyumba, mwingine hakujengewa. Redio, kwa haraka yake, haikuwa na lugha ya kuwatofautisha.

Ukosefu huo wa lugha ndio unaonifanya niwaandikie ninyi badala ya kuwaandikia watu wa mpira. Katika miezi ile nilihesabu maneno ya redio kwa mchezaji kijana, nikayakuta yamejikusanya katika marundo mawili: ya mwokozi na ya garasa. Katikati hapana kitu. Sisi tunalo neno la katikati, zuri, la zamani, ambalo tumeliacha livae vumbi kwenye kamusi: mwanagenzi. Mwanagenzi si limbukeni anayechekwa kwa ushamba wake. Ni mtu aliye katika kujifunza kazi, anayejulikana kuwa hivyo, na ambaye makosa yake yana mahali pa kuwekwa. Watangazaji wetu vijana, ambao wengi wao, nasikia, huiga mtindo wa Marekani neno kwa neno, wangeanza kulitumia kwa kipa wa miaka 19 aliyefungwa goli la kizembe, na sisi tukalitia katika mashairi yetu ya michezo, ambayo nayo hayakosi masimango.

Alex Smith alihamia Kansas City mwaka 2013. Mwaka 2017 timu hiyo ilimchagua kijana aitwaye Patrick Mahomes, na Smith, ambaye hakuna aliyemsubiri alipokuwa na umri ule, akawa ndiye mkubwa ambaye Mahomes alikaa nyuma yake. Alicheza vizuri mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote wa maisha yake, huku akijua aliyeketi ubavuni pake ndiye atakayeichukua kazi. Mahomes mwenyewe amesema mara nyingi jinsi alivyofundishwa naye namna ya kujiandaa kwa wiki nzima kabla ya mchezo. Kijana hakupangwa hadi tarehe 31 Desemba, mchezo wa mwisho wa msimu, huko Denver, mchezo usiokuwa na uzito kwa timu yake. Msimu uliofuata alitoa pasi 50 za kufunga na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka wake wa kwanza redio hazikuwa na la kumsema.